Tembe Nilizokutumia

Kiriaini
4 Februari 2024

Kwako Nduta, mama yangu mdogo,

Mimi tata yako, dada wa mama yako, nakuita mama kwa sababu una jina la mama yangu, na hata ukizeeka utaniitikia hivyo hivyo. Hujambo? Sisi hapa tu wazima. Mwanangu Kahiga amebadilisha mabati ya jikoni, kwa hivyo sasa mvua inanyesha nje tu. Majani ya chai yamepungua kwa jua hili, na wanawake wa kituo cha kupimia majani wanakusalimu sana.

Najua unacheka kwamba bado naandika barua. Simu ya Kahiga huwekwa spika pale mezani, na kila jirani aliyekuja kuomba chumvi anachangia. Nimefundisha Kiswahili miaka thelathini na moja. Siwezi kueleza mambo yangu huku nikikatizwa na mtu anayetafuna. Kahiga ataipeleka bahasha hii ofisi ya vifurushi pale steji, nawe utajibu kwa njia hiyo hiyo.

Sasa nikuambie. Mgongo unaniuma tangu Krismasi. Si ule uchovu wa kubeba kikapu cha chai ninaoujua. Huu umekaa ndani kabisa, chini ya mbavu, na nikijinyoosha kitandani ndio unapata nguvu. Kuna mama wa kanisani anayekanda watu, amenikanda mara tatu na kila mara natoka nimeumia zaidi. Hospitali ya hapa nitapewa foleni tu. Wewe ndiye daktari wetu, niambie nimeze nini.

Tata wako,
Kabura


Ruring'u, Nyeri
13 Februari 2024

Tata mpendwa,

Nimeona mwandiko wako kwa bahasha nikajua ni wewe kabla sijafungua. Mimi niko mzima, isipokuwa niko na kazi nyingi. Hapo maabara ya hospitali damu za watu zinaanza kuingia saa mbili asubuhi na hazikatiki. Nimehama, siku hizi nakaa karibu na uwanja wa mpira. Siku ya mechi ni kama wachezaji wako jikoni kwangu.

Habari ya mgongo, usiogope. Mwanamke akifika miaka sitini na tatu mifupa hupungua nguvu, na wewe hujawahi kuupumzisha huo mgongo. Nimekununulia dawa aina mbili. Hizi nyekundu ni diklofenaki, za maumivu. Meza moja asubuhi na moja jioni, ukishakula. Nyeupe ni za kalsiamu, za kutia mifupa nguvu, mbili kwa siku. Pia Kahiga akuchemshie supu ya mifupa, ile ya kutiwa miti shamba. Zikiisha niambie nitume zingine.

Ati daktari wenu. Mimi ni mtu wa maabara tu, tata, na unajua. Lakini kwa hii ya mgongo nina uhakika.

Pasaka nakuja.

Mtoto wako,
Nduta


Kiriaini
26 Mei 2024

Mama yangu Nduta,

Salamu kutoka kwetu. Pasaka ilipita bila wewe, nami sikuuliza kwa simu kwa sababu najua ungesema kazi. Kahiga ameoza jino na anajifanya haliumi. Mvua imezidi, na majani ya chai tunayachuma hadi vidole vinakuwa vyeusi, yaani wanayachuma wao. Mimi nimeketi.

Tembe zako nazimeza kama ulivyosema, sijaruka hata siku moja. Vifurushi vitatu vyote vilifika. Mwezi wa kwanza nilipata nafuu nikakusifu hadi watu wakachoka. Nafuu hiyo sasa siioni. Nina kiu ambayo sijawahi kuiona, namaliza jagi zima na ulimi bado mkavu. Tumbo limefunga siku tano. Nikitoka shambani kufika mlangoni nahema. Kifua kimenishika mara mbili tangu Machi, namaliza dawa, kinarudi. Na hili litakuchekesha: sketi yangu ya kanisani imeanza kufagia chini. Nilikwenda kumgombeza fundi, kisha njiani nikakumbuka kwamba aliishona miaka sita iliyopita.

Jumanne nilipiga chafya na ubavu ukavunjika. Niliusikia kwa masikio yangu. Kahiga hataki tena kungoja, ananileta hospitalini kwenu tarehe tatu Juni. Kuna mengine ya chooni ambayo siwezi kuyaandika.

Tata wako,
Kabura


Ruring'u, Nyeri
16 Juni 2024

Tata,

Natumaini safari ya kurudi haikukuumiza, na kwamba Kahiga aliendesha polepole kama nilivyomwomba. Siku nne ulizolazwa nilipita kitandani kwako na koti langu jeupe na trei ya chupa za damu, na kila mara kulikuwa na watu. Wacha nikuandikie yale nilishindwa kusema.

Damu yako niliiangalia mimi mwenyewe kwa hadubini. Nilipoona jina nilitaka kumpa mwenzangu, halafu nikakaa chini. Chembe nyekundu hutawanyika kila moja kivyake. Zako zilikuwa zimelaliana kama sahani baada ya harusi, na hiyo hutokea damu ikijaa protini isiyofaa. Halafu Daktari Mutuma akakutoa uboho kwenye nyonga. Ulivyolia nilikusikia kutoka kwa korido. Ndani ya uboho nikaona seli za plazma, nyingi kupita kiasi.

Ni saratani, tata. Daktari alisema ugonjwa wa damu na wewe ukaitikia kwa kichwa, sijui kama ulimwelewa. Inaitwa mayeloma. Kila mtu ana seli chache za plazma ndani ya mifupa, na kazi yao ni kutengeneza kinga, hii ya ugonjwa huu, ile ya ugonjwa ule. Yako moja iliharibika, na badala ya kufa ikaanza kujizaa. Sasa ziko maelfu kwa maelfu, na zote zinatengeneza kitu kimoja ambacho hakina kazi. Zimechukua nafasi ya kutengeneza damu, ndiyo maana unahema. Kinga za kweli zimebaki kidogo sana, ndiyo maana kifua kinarudi. Zinachochea zile seli za kula mfupa, na picha ya kichwa chako ina matundu kama mahindi yaliyoingiwa na fukusi. Pingili mbili za mgongo zimebonyea. Sketi haikurefuka, ni wewe umepungua. Kalsiamu inayotoka kwa mifupa imejaa kwa damu, na hiyo ndiyo ile kiu na tumbo kufunga. Vipande vya ile protini vinaziba figo. Povu kwenye mkojo, lile hukutaka kuandika, ni hilo.

Haiponi kabisa. Lakini inatulizwa, na kuna watu wameishi nayo miaka mingi. Nimewaona wakija kupimwa.

Zile tembe zangu, nyekundu na nyeupe, zitupe zote leo. Kalsiamu ilikuwa imejaa tayari na mimi nikawa naongeza. Hizo za maumivu zinaharibu figo, na zako zilikuwa zimeshaanza kulemewa.

Daktari alipokuuliza kama kuna dawa yoyote ya maumivu unameza, ulimtazama machoni ukasema ni maji moto tu. Mimi nilikuwa nimesimama hapo na trei yangu. Nilinyamaza.

Nduta


Kiriaini
14 Julai 2024

Mama yangu Nduta,

Sisi tupo, na baridi ipo pamoja nasi. Kahiga hatimaye aling'olewa jino. Kwa siku mbili hakuongea, tukapumzika.

Maelezo yako nimeyasoma mara tatu. Ungekuwa darasani kwangu ningekupa nane kwa kumi. Mbili nimezikata kwa sababu neno lenyewe, saratani, ulilizungukia kwanza kama mtu anayeogopa mbwa. Mwanafunzi mzuri huanza na jambo lenyewe.

Nadungwa sindano ya kutuliza saratani tumboni kila wiki, na siku hiyo nameza pia tembe za stiroidi walizonipa. Hizo zinanitia wazimu. Usingizi unakimbia, nasugua masufuria yaliyo safi, nafokea kuku. Kahiga anasema tangu azaliwe hajaona nyumba ikiwa safi hivi.

Hilo la swali la daktari tulifunge. Ulikuja kwangu una miaka tisa, siku tuliyomzika dada yangu Watiri, mama yako, ukiwa na mfuko mmoja wa nguo. Hakuna mtu atakayenifanya nikutaje mbele ya watu wa kazi yako kana kwamba wewe ni mhalifu. Nilimdanganya yule daktari kijana wa kutoka Meru na ningemdanganya tena. Umesema nitupe tembe, nimesikia.

Tata wako,
Kabura


Ruring'u, Nyeri
25 Agosti 2024

Tata,

Nakusalimu, na Kahiga pia. Huku ukungu hautoki mpaka saa sita mchana, na nusu ya wafanyakazi wanakohoa. Mimi bado.

Damu yako inapita kwa mikono yangu kila ukija. Ile protini mbaya inashuka, tata. Sindano inafanya kazi, na siku nilipoona hiyo namba nilienda chooni nikalia kwa furaha. Lakini figo zinazidi kuharibika. Kreatinini, ule uchafu unaojaa kwenye damu figo zikishindwa kazi, ilikuwa mia mbili na kumi mwezi wa Juni, Julai ikawa mia tatu na arobaini, na wiki iliyopita mia tano na sabini. Daktari Mutuma haelewi. Anasema labda ni sindano ndiyo inakuumiza, na anafikiria kuisimamisha. Yaani anataka kukuondolea kitu pekee kinachokusaidia.

Nimerudi kwa barua yako ya Julai. Uliandika umesikia. Hukuandika umezitupa. Nimempigia Kahiga akasema yeye haingii chumbani kwako bila kuitwa. Kwa hivyo nakuuliza wewe. Bado unameza zile nyekundu?

Kama unameza, mwambie daktari Alhamisi ukija. Usipomwambia, nitamwambia mimi, na nitasema zilitoka kwa nani.

Nduta


Kiriaini
1 Septemba 2024

Nduta,

Kahiga anakusalimu. Viazi vimechipuka.

Usithubutu. Najua ulivyohangaika kuipata kazi hiyo na najua watu wanavyofurahia mwenzao akianguka. Mwili ni wangu na ulimi ni wangu. Alhamisi nitakuja kudungwa sindano na kurudi, na wewe utapima damu yangu kama unavyopima ya mtu mwingine yeyote. Usiniandikie tena juu ya jambo hili.

Kabura


Ruring'u, Nyeri
8 Septemba 2024

Tata,

Nimemwambia. Nilingoja Alhamisi nione kama utasema, ukaja ukaondoka. Ijumaa saa nne nikaenda ofisini kwake. Sikujua nianzie wapi, kwa hivyo nikaanza na Krismasi, wakati mgongo ulianza. Nilimwambia kwamba tangu Februari nimekutumia diklofenaki na kalsiamu bila kukupima hata tone moja la damu, mimi ambaye kazi yangu ni kupima damu. Nilimwambia pia kwamba naona bado unameza, na kwamba umekataa kunijibu.

Nilidhani atanifokea. Aliuliza tembe ngapi, za nguvu gani, tangu lini, akaandika yote. Kisha akaweka kalamu chini akasema, "Ungeniambia siku ile ulipokuwa umeshika trei." Basi. Akapiga simu wodini watayarishe kitanda, na nafikiri ukipata barua hii utakuwa umeshalazwa.

Nimeandikiwa barua ya kujieleza. Kwa sasa nimeambiwa nikae nyumbani mpaka waamue. Wenzangu wawili wamenipigia simu, wengine wamenyamaza.

Naomba unisamehe kwa zile tembe. Nilipenda sana mkiniita daktari, huo ndio ukweli, na kwa sababu ya hiyo sikukwambia ukapimwe kwanza. Lakini kwa kusema sitaomba msamaha. Hata ukinichukia.

Nduta


Kiriaini
20 Oktoba 2024

Mama yangu Nduta,

Natumaini barua hii itakukuta salama, na kwamba wale wakubwa wako wameshaamua. Sisi tunaendelea. Kahiga amejifunza kupika uji usio na madonge.

Nimekaa wiki saba bila kukuandikia, na haikuwa ugonjwa peke yake. Nilikasirika. Kule wodini kila ulipokuja nilijifanya nimelala, na nafikiri ulijua, maana ulikuwa unaketi hapo hapo bila kuniamsha. Nilikuwa sina tena cha kukupa. Shamba ni la Kahiga, nguvu zimekwisha, hata kusuka siwezi. Ule uongo ndio ulikuwa kitu cha mwisho ambacho bado ningeweza kukufanyia, nawe ukauchukua mikononi mwangu ukaupeleka kwa daktari.

Sasa nami niseme la kwangu. Nilimeza zile nyekundu hadi siku waliponipigia simu nije nilazwe. Zilikuwa ndani ya kopo la majani ya chai, chini kabisa. Mwezi wa Juni hospitali ilinipa dawa yao ya maumivu, ile mofini ya maji, na siku ya pili nikasahau jina la Kahiga akiwa amesimama mbele yangu. Nduta, mimi nimewajua watoto wa shule nzima kwa majina na ya baba zao. Niliona heri figo kuliko akili. Kila asubuhi nilijiambia ni hii moja tu.

Daktari Mutuma amenieleza bila kunificha, na kwa hilo namheshimu. Amesema kama tungesema Juni, nami nikaacha Juni, huenda figo zingerudi. Sasa nasafishwa damu kwa mashine kila Jumanne na Ijumaa, na haitakuwa na mwisho hadi mimi niwe na mwisho. Kwa hivyo usitembee huko Nyeri ukijiambia kwamba umeniua. Miezi minne ya kwanza ni yako, na wewe hukujua. Ile mitatu iliyofuata ni yangu, na mimi nilijua.

Njoo Jumamosi yoyote. Sitajifanya nimelala.

Tata wako,
Kabura


Ruring'u, Nyeri
10 Novemba 2024

Tata mpendwa,

Nimerudishwa kazini kwa onyo la maandishi. Nilitaka kukuambia hiyo kwa mdomo jana, na pia nilikuwa nimekuletea maparachichi.

Mafua yalinianza nikiwa njiani. Kufika langoni kwenu nilikuwa napiga chafya bila kukoma. Ninajua kilicho ndani ya damu yako kuliko mtu yeyote. Mafua haya kwangu ni siku tatu za leso, lakini kwako yanaweza kushuka kifuani na yasitoke. Nikamwambia Kahiga siingii. Alidhani nimepata wazimu, mtu amesafiri hadi Kiriaini halafu anasimama katikati ya viazi. Ndipo akakuketisha dirishani.

Umepungua sana. Namba zako ninazijua zote, lakini sikujua umekuwa mdogo hivyo. Nilikupungia mkono. Ukaniangalia kwa muda, halafu ukavuta pazia. Nilingoja kama nusu saa na halikufunguliwa, mpaka Kahiga akaja kuniambia umechoka.

Kama hasira haijaisha, niandikie unitukane, hata kurasa tano. Nitasoma zote. Lile pazia ndilo nimeshindwa kuvumilia.

Mtoto wako,
Nduta


Kiriaini
17 Novemba 2024

Nduta,

Naandika kwa mkono wangu mwenyewe, ndiyo maana mistari inapanda mlima. Kahiga alitaka kuniandikia nikakataa. Maparachichi tumekula.

Hasira imekwisha zamani. Nilikuona umesimama kule viazini na leso puani, umekataa kuingia, na mvua inaanza. Tangu Juni umekuwa ukiniambia kinga zangu zimekwisha, mifupa ina matundu, figo zimekufa. Nami nimekuwa nikisoma barua zako kama mtu anayesahihisha insha. Sikuwa nimeamini kwamba anayeandikwa humo ni mimi. Nilipoona unaogopa kunipumulia, ndipo nikaamini. Nilivuta pazia kwa sababu nilianza kulia. Hujawahi kuniona nikilia, hata siku tulipomzika mama yako.

Naogopa, Nduta. Nimezika mama, dada na mume, nikasimama makaburini nikiwaongoza wengine kuimba. Nilidhani zamu yangu ikifika nitakuwa na adabu. Daktari amesema mashine ni hiari yangu. Nikichoka nayo naweza kuiacha, na baada ya hapo ni wiki mbili hivi. Watu wa kanisa wameanza kuniambia kwa upole kwamba nimeishi vizuri. Naitikia kwa kichwa. Lakini sitaki kuiacha. Nataka kuishi hata hivi, hata nikibebwa na Kahiga kama gunia hadi garini, na nilikuwa naona aibu mtu kujua.

Mafua yakiisha, ngoja siku tatu zaidi kisha uje. Uingie ndani uketi kitandani kwangu. Mkono wa kushoto wameutengeneza kwa ajili ya mashine, hauguswi. Nishike wa kulia.

Kabura